Karatasi Isiyo na Jina

Khawla alifika ofisini saa mbili na nusu, akafuta vumbi la benchi kwa ncha ya buibui, akakaa bila ya kumwamkia mtu. Alhamisi ilikuwa siku yao ya kushauriana. Walikuwa wanafunzi watatu wa ustawi wa jamii, chuo kimewapangia mafunzo ya kazini katika ofisi moja ya huku mitaa ya Ng'ambo. Kila wiki hukaa pamoja, mmoja akaeleza kesi yake, wenziwe wakamshauri. Jina la mteja halitajwi. Hilo ndilo sharti.

Lamya alikuja na chupa ya chai. Hisham nyuma yake, anacheka na simu.

"Nani anaanza?" Lamya aliuliza.

"Miye," Khawla akasema. "Yule mtoto wa wiki iliyopita hayupo."

Hisham akaitia simu mfukoni. Wiki iliyopita Khawla aliwaeleza habari za msichana wa miaka kumi na tano, anayetolewa skuli aozwe. Bibi yake alikuja ofisini kwa siri, akasihi baba mtu asijue mpaka maofisa wafike wenyewe. Walikuwa waende leo. Jana jioni bibi kapiga simu analia: mtoto keshavushwa Pemba, mkoba wa skuli umebaki unaning'inia msumarini.

"Kuna mtu kasema," alisema Khawla. "Na miye niliyasema hapa tu."

"Mbona wanitazama miye?" Hisham akauliza.

"Hisham, we na yule baba si mtaa mmoja?"

"Mmoja. Nlimjua siku ileile, ulipotaja kazi yake na watoto wake saba. Nikanyamaza. Hata mamangu sijamwambia."

"Na weye, Lamya? Kwenye lile grupu lenu la simu huandikwa kila kitu."

Lamya alimimina chai vikombe viwili, chake na cha Hisham, akafunga chupa.

Mlango wa ndani ukafunguka. Alikuwa Bi Sheikha, msimamizi wao, ambaye hajawahi kukaa nao hata Alhamisi moja.

"Khawla, fomu ya ushauri naitaka kabla ya adhuhuri. Kopi tatu."

"Naam, Bi Sheikha."

Mashine ya ofisi ilikufa tangu Ramadhani. Khawla akaijaza fomu, akabakisha swali la mwisho tu, akavuka barabara kwenda dukani kwa Yussuf, anakotolea kopi kila wiki. Yussuf aliipokea fomu akasoma kwanza mistari ya juu, kama kawaida yake.

"Ni yule msichana tena?"

"Msichana gani?"

"Wa wiki iliyopita. Baba fundi makochi, watoto saba, nyuma ya kiwanja. Si Haroub tu huyo? Ilinitia huruma, wallahi. Nlimkuta msikitini nikamwambia, bwana we, muache mtoto asome. Akakana kabisa." Alifungua kifuniko cha mashine. "Vipi, mmemnusuru?"

Khawla aliinyakua karatasi yake.

Enyi wenye watoto wanaosomea kazi hii, waulizeni karatasi zao zinapita mikononi mwa nani. Mama yake Khawla hakuwahi kuuliza. Alifurahi tu kumuona mwanawe anatoka asubuhi na faili kwapani.

Benchini, Khawla aliwaeleza wenziwe. "Nisameheni."

"Ulishatuhukumu na kutuzika, we," Hisham akasema.

Mwisho wa fomu pana swali: siri ya mteja imelindwa? Khawla akatia alama penye "Hapana", akaipeleka ndani.

"Mwanangu, hapa hutiwa ndiyo," Bi Sheikha alisema. "Jina limo?"

"Halimo."

"Basi imelindwa."

"Mtoto yuko Pemba, Bi Sheikha."

"Hilo jambo jengine. Ukiandika hapana, chuo kitaniuliza miye, nawe utarudia mafunzo mwaka mzima. Shika fomu tupu, ijaze vizuri, kisha katoe kopi."

"Kwa Yussuf?"

"Kwani kuna pengine?"

Khawla alirudi benchini. Alirarua karatasi tatu katika daftari lake, akachora mistari ya fomu kwa rula, akaanza kuandika kwa mkono. Mtaa hakuutaja, kazi ya baba hakuitaja. Lamya akamsogezea kikombe cha chai.

Adhuhuri iliadhiniwa yumo katika nakala ya tatu. Alipofika penye swali la mwisho akaandika Hapana, kama alivyoandika katika zile mbili, akaenda kugonga mlango.