Kompyuta ya Mama Mihuri

Kila siku saa moja asubuhi Mama Mihuri, karani wa masjala ya vifo hospitalini, alifuta meza, akapanga mihuri yake mitatu, akawasha kompyuta mpya, nayo kompyuta ikamwandikia saba. Siku ya kwanza alivumilia. Ya pili akasonya. Ya tatu akasema imetosha. Mtu aliyehesabu saa tangu macheo kwa miaka hamsini na minne hafundishwi saa na sanduku. Akaingia mwenyewe kwenye mipangilio, akashuka kwenye orodha ndefu ya majira ya dunia, mji baada ya mji, mpaka akapata mahali ambapo ikiwa saa moja, kompyuta inaandika moja. Akabofya hapo, akaenda kunywa chai.

Fundi wa kompyuta alipopita wiki iliyofuata alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mama, umeiweka kompyuta katikati ya bahari. Hapo hakuna hata mji."

"Kwani imezama? Ilimradi saa inasomeka."

"Halafu huko saa zinasogezwa mara mbili kwa mwaka. Mbele siku za jua refu, nyuma siku za jua fupi."

"Saa inasogezwa, kwani kochi?"

Fundi akaona hapa hapana mjadala, akasaini kitabu, akaenda zake.

Kompyuta ikatulia, ila chumba kikaifuata. Masjala nzima ikawa nyuma kwa saa sita. Asubuhi Mama Mihuri aliwasha taa, maana ndani bado ulikuwa usiku. Mchana, nje jua likichoma utosi, dirisha lake ndiyo kwanza lilionyesha mapambazuko, na wauguzi waliingia kwake kupunga upepo. Vitufe vya kompyuta vilishika chumvi kidogo, akawa anaipangusa kwa kitambaa. Mkuu wa hospitali aliuliza tu kama jambo hilo linaongeza matumizi ya umeme. Akaambiwa haliongezi.

Siku moja, saa saba na nusu mchana, akaingia mzee mmoja fundi cherehani, tepu ya kupimia bado iko shingoni, karatasi ya daktari mkononi. Mke wake alikuwa amefariki wodini saa saba kamili, kwa pumu. Mitungi ya hewa ilikuwepo tisa, imejaa, stoo. Mtunza stoo alikuwa amekwenda kula na ufunguo mfukoni, kama afanyavyo kila siku kuanzia saa sita hadi saa nane. Ufunguo wenyewe ulikuwa mmoja.

"Nilimwachia mkono," alisema mzee. "Nikakimbia kumtafuta mwenye ufunguo, mgahawa huu, mgahawa ule. Narudi, wameshamfunika. Miaka arobaini na mitatu, mwanangu, halafu dakika ile ndiyo namwachia mkono."

Mama Mihuri aliwahi kugonga muhuri wa kifo cha baba yake mwenyewe bila kutetemeka, lakini hapa muhuri aliuweka kando kwanza. Akainamia kompyuta, akaandika saa ya kifo kama ilivyo kwenye karatasi ya daktari, 13:00. Kompyuta ikakataa: *Muda ulioandika bado haujafika.* Akaandika tena. Ikakataa tena. Akatazama pembeni ya kioo. Iliandika 7:30, lakini ya alfajiri ya huko baharini: humo chumbani ilikuwa saa moja na nusu asubuhi.

"Itabidi tusubiri, mzee wangu. Bado hajafa."

Mzee akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa akalete nakala. Haukupita muda mlango ukafunguka, mke wake akaingia, shuka la wodi mabegani, anahema kidogo.

"Baba watoto, umekula?"

"Sijala."

"Ndiyo maana umekunja uso." Akaketi kwenye benchi kando yake. Lilikuwa benchi fupi la watu wawili, wakaenea.

Saa nane mtunza stoo alirudi ameshiba. Mzee akamwendea, akasaini, akausukuma mtungi hadi masjala. Ulipovuka kizingiti ukatoweka, kwa sababu saa za mle ndani mtungi ulikuwa bado stoo. Wakaenda kuangalia, wakaukuta mahali pake. Walirudia mara tatu, na mara zote tatu mtunza stoo alidai saini upya.

"Acha, utajivunja kiuno," mke alisema. "Au nitoke mimi?"

"Toka basi, tujaribu."

"Ah, huko nje nimeshalala wodini. Nikionekana koridoni si itakuwa kituko?"

Basi wakakaa. Yeye akampimia mumewe mashati ya mwaka mzima kwa tepu ile ile, akamkemea kwa kukonda. Akamwelekeza iliko blanketi nene, na nani wa kumpa kuku. Mzee akamkumbusha siku alipomletea gauni la harusi lenye mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake, wakacheka mpaka pumu ikaanza. Mama Mihuri alimpigia simu mumewe kwamba atachelewa, wageni wako bado. Kwa kweli alishawapenda.

Nje giza lilikuwa linaingia, ndani jua la mchana limesimama dirishani, mke akaanza kubanwa kifua. Ilibaki robo saa. Mzee akaruka.

"Safari hii mtungi utapita!"

"Baba watoto, kaa."

Hakusikia, alishatoka mbio. Mtunza stoo alikuwa ameshakwenda nyumbani, na ufunguo amekwenda nao. Mzee akapiga kufuli kwa ngumi. Huku masjala Mama Mihuri alitoka nyuma ya meza, akaketi benchini, akaushika mkono wa mgonjwa, macho kwenye kioo. Dakika mbili. Moja. Moyoni akamlaani mzee, akamwomba radhi papo hapo.

Ilipotaka kugonga saa saba, kompyuta ikaandika: *Saa zimerudishwa nyuma kwa saa moja.* Ikawa saa sita tena. Kifua kikatulia.

"Kumbe kweli inasogezwa," alisema Mama Mihuri.

Mzee akarudi, ngumi zinavuja damu. Mkewe akamfuta kwa ncha ya shuka.

"Umepewa saa nzima, baba watoto. Usiniharibie."

Hakuinuka tena. Walishikana mikono saa yote, hawakusema la maana, zaidi walibishana juu ya kuku. Saa saba ilipogonga kompyuta ikakubali, na mzee akawa ameshika shuka tupu. Mama Mihuri akagonga mihuri yote mitatu, polepole.

Kesho yake mzee alileta barua akiomba stoo iwe na ufunguo wa pili. Mama Mihuri aliichapa mwenyewe, akaipeleka kwa bodi. Bodi ikakaa vikao viwili. Ikaona kwamba saa iliyochapwa kwenye barua inapishana na saa iliyopokelewa, hivyo haiwezi kujadiliwa. Lakini kwa kuwa siku hizi wafiwa hukaa masjala muda mrefu, na wengine hukaa wakiwa wamesimama, iliidhinisha benchi la pili, lenye mto.

Ni benchi zuri. Kila siku saa sita mtunza stoo hupita mbele ya mlango, ufunguo unalia mfukoni, na kwa kuwa ni mtu wa adabu, huchungulia na kuwasalimu wote waliokaa, wafiwa na marehemu wao, mmoja mmoja.

"Naenda kula mara moja," huwaambia.

"Haya, baba," wanamjibu. "Usichelewe."