Pete Nyuma ya Bampa

Mtaa mzima ulijua msimamo wa marehemu fundi: lile gari lake la zamani, la rangi ya maziwa, halivutwi. "Siku likitoka hapa litatoka kwa injini yake, na mama yenu amekaa mbele." Miaka kumi na tisa alihangaika nalo, na pete za kufungia kamba ya kuvutia alikataa katakata kuziweka. Gari lenye pete, eti, limeshakata tamaa.

Sasa marehemu hayupo, injini imegoma, gari limeuzwa. Mnunuzi alikuwa amesimama uani na lori lake, na wa kuweka pete alikuwa binti wa marehemu. Baba alimpachika jina la Cheche siku aliposhika mashine ya kuchomelea mara ya kwanza akaunguza gauni la mama yake.

Cheche akafungua bampa la mbele. Lahaula! Pete ilikuwepo tayari, imechomelewa kwenye chesisi na kupakwa rangi. Lakini mshono wake ulikuwa umepinda, umejaa mabonge. Mishono ya baba yake ungedhani imepigwa kwa rula! Huu ulikuwa wa mkono unaotetemeka, wa ile miezi ya mwisho ya ugonjwa.

"Mama! Njoo uone."

Mama akaja, akatazama, wala hakushtuka. "Mimi ndiye niliyemshikia taa," alisema. "Alinikataza nisikwambie. Alisema ukijua amekubali livutwe, utajua na hayo mengine."

Hayo mengine! Kwamba haponi. Kila siku baba alimwambia, "Mwezi ujao tunaliwasha, mwanangu," naye Cheche, mjinga wa wajinga, akaamini. Akawa anapiga msasa milango ya gari uani huku baba yake anakufa ndani. Angekaa naye, jamani. Angekaa naye tu.

"Dada, kumbe ipo," mnunuzi alidakia. "Tufunge tuondoke."

Cheche akaipiga nyundo mara moja. Mshono ukapasuka. Mteremko wa kwanza tu pete ingeng'oka, na gari lingemvamia mtu. Akachukua grenda aikate.

"Usiitoe," mama alisema.

"Mama, itaua mtu."

"Najua. Ngoja kidogo." Mama akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya yale mabonge, akakaa hivyo kitambo. Kisha akasogea.

Cheche alilia ndani ya kinyago cha kuchomelea, na ndani ya kinyago hakuna namna ya kujifuta. Pete ikadondoka. Mama akaiokota kwa pindo la gauni, ingali moto. Cheche akachomelea mpya, mshono umenyooka kama alivyofundishwa.

Ndugu wa mnunuzi, aliyekuja naye, alipofungua mlango wa gari ashike usukani, mama alimzuia. "Hadi kona tu, baba. Mwanangu atashika."

Mama akapanda mbele, akajitengeneza vizuri, pete mapajani. Lori likavuta. Majirani walitoka nje, na mama akawapungia mkono kama mtu anayekwenda safari ndefu.

Kwenye kona wakashuka, wakarudi kwa miguu.