Dawa ya Mahindi

Maktaba yetu ni chumba kimoja nyuma ya ghala la mazao. Wakubwa wamekisahau, kama walivyomsahau marehemu mke wangu pale zahanati, dripu zimekwisha na daktari yuko semina. Mke wangu alijifunzia kusoma humo maktabani, uzeeni. Kwa hiyo mkutubi aliponiambia wadudu wanatafuna vitabu, roho iliniuma.

"Nimeomba dawa halmashauri tangu tulipopanda, baba. Kimya."

"Wale, mwanangu? Ukiwaomba rafu za vitabu, wao wanakuchezea rafu!"

Akacheka. Akaniachia ufunguo nimsaidie kufagia, yeye akaenda kumuuguza mama yake. Asubuhi yake angekuja Bwana Kesho kuamua maktaba ibaki au ifungwe. Ni afisa wa halmashauri. Jina hilo tulimpa sisi, maana ukimpelekea shida, jibu lake ni njoo kesho.

Nilipomaliza kufagia nikawaza: mdudu ni mdudu. Nikaleta dawa yangu ya unga, ile ya kuhifadhia mahindi, nikainyunyiza kitabu kwa kitabu, ndani kwenye kurasa, kama ninavyofanya kwenye magunia. Huku nawalaani wakubwa. Nilijiona mtu wa maana sana.

Asubuhi watoto waliingia mapema, wamechana nywele kwa ajili ya mgeni. Binti wa fundi cherehani akalamba kidole, akafunua ukurasa. Akalamba tena, akafunua. Mkutubi, aliyekuwa amesharudi, akanusa kitabu, akapiga yowe: "Temeni! Tokeni nje wote!"

Bwana Kesho alipofika, watoto walikuwa uani wanasukutua, na yule binti anatapika, kashikwa na mama yake.

"Nani kaweka sumu humu?"

Mkutubi alinitupia jicho mara moja tu. "Ni mimi, mheshimiwa. Ufunguo ni wangu."

Mdomo wangu ukakimbilia palepale ulipozoea. "Mngeleta dawa mlipoombwa, haya yote..."

"Sikuuliza nani hakuleta, mzee. Nauliza nani kaweka."

"Mimi," nikasema. "Huyu hajui lolote. Ni dawa ya mahindi."

"Mahindi utayapepeta, utayaosha, ndipo usage. Kitabu utakioshaje?" Hata hakupandisha sauti. Akatoa kufuli kwenye mkoba, akafunga mlango. "Umeturahisishia kazi."

Wakamkimbiza binti zahanati. Baadaye tukaambiwa atapona. Watoto wengine wakatawanyika, wakinipita kwa mbali kama mbwa mkali. Nilitafuta la kuwasema wakubwa, na yapo, tena mengi, lakini dawa ilikuwa yangu.

Mkutubi, ambaye sasa hakuwa na kazi, akaazima kigoda pale ghalani, akakiweka kivulini.

"Kaa, baba. Umesimama tangu asubuhi."

Laiti angenitukana. Matusi ningeyajibu.