Koti la Mikono Minne

Wivu haubishi hodi. Ulimkuta Profesa ameinama juu ya meza ya kukatia, chaki mkononi, mdogo wake alipoingia mbio kutangaza kwamba chuo kimemchukua. Chuo cha ushonaji kile kile kinachochuja watu kama chai, kile kile kilichomwambia Profesa, wiki iliyopita tu, ajaribu tena mwakani.

Jina la Profesa alipewa na mama yao, fundi cherehani, kwa sababu cheti chake cha shule kilijaa A kutoka juu hadi chini. Cheti cha mdogo wake, Chiriku, kilikuwa na hesabu iliyolala chali na kemia iliyoilalia ubavuni. Chiriku naye aliitwa hivyo kwa mdomo wake usiojua kituo.

"Hongera," Profesa alisema. Neno lilimtoka kama mwiba wa samaki.

Dukani kwa mama kazi iligawanywa tangu wangali wadogo: Profesa hupima na kukata, Chiriku hushona. Hata blauzi mbili walizopeleka kwenye usaili zilizaliwa hivyo, na kila mmoja alisema yake kaitengeneza mwenyewe, bila kupepesa macho, kwa kuwa nyumbani kwao hakuna aliyewahi kutofautisha kazi ya huyu na ya yule. Walimu wakashuku, maana mshono wa blauzi zote mbili ulikuwa wa mtu mmoja. Wakamtaka kila mmoja afumue mkono wa blauzi na kuurudisha hapo hapo mbele yao.

Chiriku aliurudisha huku akiwasimulia habari za mteja aliyenenepa kati ya kupimwa na kuvaa. Walipomuuliza kuhusu hesabu, akajibu kwamba ilimshinda kwenye karatasi, ila hakuna shati lake lililowahi kugoma kufungwa vifungo. Wakacheka. Profesa na A zake aliugeuza mkono, kiwiko kikatazama mbele, blauzi ikawa ya mtu anayetembea kinyumenyume.

Hilo angelimeza. Lililomkaa kooni ni kwamba walimu waliisifu blauzi ya Chiriku jinsi ilivyokaa mabegani. Mabegani! Bega lile alilikata nani?

Mama alimpa habari kila mteja aliyeingia. Mmoja, akipimwa kiuno, akamuuliza Profesa, "Na wewe dada mtu, unasoma wapi?" Tepu ikakaza mpaka yule mama wa watu akakohoa.

Kisha likaja koti. Wanafunzi wapya walitakiwa kuripoti siku ya kwanza wamevaa koti la kushona wenyewe. Chiriku akatandaza kitambaa cha buluu mezani na kusema, kama alivyosema maisha yake yote, "Dada, nikatie."

Profesa akachora mgongo. Chaki ikasita, ikasogea ndani kidole kimoja. Viwili vingeonekana. Kimoja kingengoja mpaka Chiriku anyooshe mkono darasani, mbele ya walimu wale wale, ndipo mgongo uachie mshono. Akakata.

Chiriku alishona akipiga soga. Akalijaribu koti kabla ya kutia mkono wa kushoto, akainua wa kulia, akanyamaza. Mama akasimamisha cherehani yake, maana Chiriku kunyamaza ni kama umeme kukatika.

"Dada, mgongo unabana."

"Labda umenenepa kwa furaha."

Chiriku hakucheka. Alikuwa amekwisha kuupima.

"Basi nimekosea," Profesa akasema.

"Wewe? Tangu nizaliwe sijakuona ukikosea kukata."

Hapo ndipo Profesa aliposhindwa. Tusi angelirudisha, sifa hakujua aiweke wapi. Akamwambia kwamba alifanya makusudi, macho yake yakiwa kwenye mkasi.

Chiriku alifumua mgongo katikati, akapachika ukanda wa kitambaa kilichobaki, akaukunja vizuri hata ukaonekana ni mtindo. Alishona bila neno, na ukimya ule ulimuuma Profesa kuliko kofi. Alipomaliza, akamsukumia mkono wa kushoto, uliokuwa bado haujashonwa.

"Huu utie wewe. Utakavyotoka ndivyo nitakavyouvaa."

"Nitauharibu."

"Ukiuharibu kwa kutojua, nitakusamehe upesi zaidi."

Profesa aliutia, akaufumua. Akautia tena, kiwiko kikatazama mbele tena. Chiriku akaurudisha mezani kwa kidole, kama mtu anayekataa chai iliyopoa. Mwishowe ukakaa, isipokuwa begani palibaki kijikunjo kama kitovu cha mtoto.

Siku ya kuripoti, Profesa alisimama mlangoni. Wivu ulikuwapo bado, umevaa vizuri, umesimama pembeni yake. Kwenye kona Chiriku aligeuka kupunga, na kati ya mikono yake miwili akachagua wa kushoto, akaupunga juu kabisa ili mtaa mzima uone kile kitovu.

"Mpuuzi huyu," Profesa akasema, na kicheko kikamponyoka. Akaingia ndani, akaokota vipande vya kitambaa vya buluu sakafuni, akakaa kwenye cherehani ya mdogo wake.