Sentimita Kutoka Sakafuni

Alhamisi saa mbili asubuhi, kwenye kituo kimoja cha afya huko Mbagala, muuguzi Anastasia alimpandisha Kornelio kwenye mizani, na mizani ikasoma sifuri.

"Panda vizuri, baba."

"Nimepanda, sista."

Nyayo zake zilikuwa juu ya mizani kwa nafasi ya vidole vinne hivi, hazigusi kitu. Anastasia akamwomba ashuke. Kornelio akajibu kwa adabu kwamba ameshajaribu.

Alikuwa mchonga vinyago, mtu wa Newala, na mkewe alifariki masika. Alikuja kwa ajili ya kichwa kuuma. Kompyuta ya kituo haipokei uzito wa sifuri, na bila uzito hakuna kumuona daktari, basi akarudi nyumbani na panadol.

Wiki iliyofuata alikuwa amepanda shubiri nzima. Foleni ikalalamika.

"Baba, kaa chini bwana, unatuzibia feni!"

"Nyie warefu mna tabu nyie."

Wiki ya tatu akaja na gogo la mpingo begani ili awe na uzito. Mganga mfawidhi, Theonest, alifurahi sana, maana yeye hupenda mgonjwa anayeshirikiana. Mtu na gogo wakasoma kilo kumi na tisa. Gogo peke yake likasoma thelathini na moja. Theonest akapiga hesabu mara mbili, akaandika kumi na mbili, alama ya kutoa akaiacha. Kompyuta ikakubali, ikampeleka kliniki ya watoto. Kornelio alikaa na kina mama, akapewa unga wa lishe, akashukuru.

Anastasia hakucheka. Paa la sehemu ya kusubiria linaishia kwenye dirisha la dawa. Kutoka hapo mpaka getini ni mbingu tupu, hakuna cha kumzuia mtu anayepaa.

Wiki ya nne Kornelio akaja mikono mitupu, miguu yake usawa wa mabega ya watu.

"Gogo liko wapi, baba?"

"Nimelimaliza kulichonga, sista. Kinyago nimempa jirani. Na patasi nimempa, na tezo. Mie sina kazi nazo tena."

Anastasia akamshika upindo wa suruali. Fomu ilikuwa na kisanduku cha presha, cha joto, cha uzito, hata cha choo. Akaiweka pembeni.

"Baba Kornelio, unawaza kujiua?"

Foleni yote ikageuza shingo kumtazama.

"Hajaniuliza mtu," alisema Kornelio huko juu. "Wananiulizaga habari za nyumbani, nami nasema nzuri." Akafikiri kidogo. "Ndiyo. Kila siku."

Akashuka taratibu mpaka soli za viatu zikagonga saruji. Mizani ikasoma hamsini na nne. Anastasia alikaa naye mpaka dada yake Kornelio alipofika kutoka Kawe, kisha wakampeleka kwa mshauri wa afya ya akili, anayekuja mara moja kwa wiki. Patasi zilibaki kwa jirani kwa muda. Kornelio huja kila Alhamisi mpaka leo. Siku nyingine kunabaki upenyo chini ya kisigino, na anausema mwenyewe.

Anastasia akaiandikia barua ofisi ya afya ya wilaya: swali lile liingizwe kwenye fomu, aulizwe kila mtu, kama presha. Majibu yalifika baada ya miezi miwili. Ofisi ilimpongeza. Ilisema swali litawatisha wananchi na kuchelewesha foleni. Hata hivyo, kwa kuthamini ubunifu wake, fomu mpya zimeongezwa kisanduku: *Umbali kutoka sakafuni (sm)*. Rula ya plastiki ilikuwa ndani ya bahasha.

Asubuhi fomu mpya zilipoanza kutumika, wa kwanza kupimwa alikuwa Sakinabai, mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliyekuja na kadi yake ya presha. Rida yake, lile vazi refu la wanawake wa Kibohora, ilikuwa imepigwa pasi vizuri, na pindo lake halikufika chini. Anastasia akainama na rula.

"Sentimita kumi na mbili, mama."

"Ni viatu hivi, mwanangu," alisema Sakinabai. "Siku hizi wanavitengeneza virefu."

Alikuwa amevaa kandambili.

"Sista, andika twende!" mtu akaita kwenye foleni. "Kisanduku si kipo?"

Anastasia akaandika kumi na mbili kwenye kisanduku. Kisha akafunika kalamu, akavuta kiti karibu, akauliza.