Kiti cha Asiyekuwepo

Siku ya Jumanne, baada ya chai ya asubuhi, Mwalimu aliingia chumba cha mikutano cha hospitali akikokota kiti cha plastiki alichokitoa jikoni. Viti vya chumbani vilikuwa vya magurudumu, na yeye hakuvipenda. Mtu akiulizwa swali gumu akiwa kwenye magurudumu, hurudi nyuma. Alikiweka kile cha plastiki mezani, kikiwa kitupu, kisha akawageukia wataalamu wawili waliotumwa kumsikiliza.

Mmoja aliitwa Kipara, ingawa nywele alikuwa nazo tele. Jina alilirithi kwa baba yake. Mwenzake aliitwa Mama Pacha. Hao ndio waliounda mashine ya akili bandia iliyopanga foleni ya upasuaji wa macho katika hospitali ile. Zamani foleni ilipangwa kwa kujuana. Sasa ilipangwa na mashine, na mashine haina mjomba wala shemeji. Wawili hao walijivunia jambo hilo, na walikuwa na haki. Hospitali ilitaka tu wapate mafunzo ya maadili kabla ya mwaka kwisha, kama msafiri anavyotakiwa apate chanjo.

Mwalimu alikuwa amefundisha maadili chuoni kwa miaka mingi, akaona jinsi fasili zinavyobembeleza watu wakalala. Kwa hiyo fasili alikuwa ameziacha, akabaki na mazoezi.

"Zoezi la kwanza ni hili," alisema. "Mashine imeshaamua. Kwenye kiti hiki ameketi mtu aliyeamuliwa. Zungumzeni naye."

"Kiti hakina mtu, Mwalimu," alisema Kipara.

"Ndiyo maana ni zoezi."

Mama Pacha, ambaye hakupenda kumwangusha mtu, alikohoa kidogo akakielekea kiti. "Habari za kazi. Mashine imekuweka mwisho wa foleni. Unajisikiaje?"

"Vibaya," akajibu fundi cherehani.

Alikuwa ameketi kitini, utepe wa kupimia shingoni, uzi kwenye kona ya mdomo. Alisema chumba kina upepo. Kipara akainuka kufunga dirisha, Mama Pacha akammiminia chai. Mwalimu alimwomba radhi kwa kumkatiza kazi. Fundi alisema alikuwa anapindia sketi ya shule kwa kupapasa na mwenye nayo anasubiri, kwa hiyo kama kuna la kuulizwa aulizwe.

Wakaifungua mashine kuona sababu. Iliandika kwamba mgonjwa ametumiwa ujumbe wa kuthibitisha, hakujibu, basi hayuko tayari kwa matibabu.

"Ujumbe upi?" aliuliza fundi. "Simu inalia, naishika, naiweka sikioni, haisemi neno. Nikadhani ni wale wa matangazo."

"Ulipaswa kuusoma," alisema Kipara.

"Kwa macho yapi, kijana wangu?"

Kipara aliandika kitu, akakifuta. Mama Pacha ndiye aliyekisema alichofuta: wenye mtoto wa jicho hawasomi ujumbe, wasiosoma hawajibu, wasiojibu wanashushwa, na kadiri wanavyoshushwa ndivyo wanavyozidi kutoona. "Tumewanyima kamba walio kisimani," alisema, "kwa sababu hawakupanda juu kuja kuiomba."

Fundi alimaliza chai, akatoka kwa mlango kama watu wote.

Tangu siku hiyo kiti hakikukaa bure. Alikuja mama aliyesukwa nusu kichwa, akaomba wafanye haraka kwa sababu nusu nyingine inamtia haya. Alikuja mpiga rangi akaacha alama ya kiganja mezani. Alikuja mwanakwaya, akamalizia ubeti wake kwanza ndipo akasalimia. Mlinzi alilalamika kwamba watu wanatoka getini ambao hawakuingia, na kwamba jambo hilo linamharibia hesabu. Akaelezwa ni mafunzo. Akasema sawa, mradi ni mafunzo.

Mwalimu aliongeza mazoezi. Alimfunga Kipara kitambaa machoni na kumwambia aujibu ujumbe wa mashine yake mwenyewe. Kipara alibonyeza, akabonyeza, akajikuta amejiunga na huduma ya kutumiwa utabiri wa nyota kila alfajiri. Mpaka leo anatumiwa.

Wiki ya tatu, Mama Pacha alipokisalimu kiti, sauti iliyoitikia ilimfanya Mwalimu aangushe kalamu.

Alikuwa shangazi yake. Ndiye aliyemlea tangu wazazi walipofariki, akamsomesha kwa mikono yake, na sasa aliishi peke yake mji wa jirani, unaotegemea hospitali hiyo hiyo. Kila Jumapili kwenye simu alidai kwamba anaona hadi tundu la sindano. Alikuwa amevaa kandambili mguu mmoja na kiatu mguu wa pili.

"Shangazi! Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungekuja. Ungekuja, kazi yako ingelala." Alipapasa meza. "Kumbe ndiyo ofisi yenyewe hii. Meza nzuri."

Kipara alimtazama Mwalimu, akamtazama bibi yule, akavuta kompyuta karibu. Hakuwa mtu mbaya. "Mwalimu, huyu ni mzazi wako," alisema kwa sauti ya chini. "Naweza kumpandisha sasa hivi. Awe wa kesho. Hakuna atakayejua."

Mwalimu alilijua jibu. Alikuwa amelifundisha madarasa na madarasa. Lakini aliitazama ile kandambili na kile kiatu, na kilichomtoka kinywani hakikuwa jibu la darasani.

"Mpandishe," alisema.

Kipara akabonyeza. Papo hapo dereva wa lori akawa ameketi mapajani mwa shangazi.

Lilikuwa jitu la miraba minne. Kiti kikalia. "Samahani, mama," alisema dereva. "Nilikuwa nimekaa kwangu."

"Si kitu, baba, ila jisogeze, una mifupa mizito." Shangazi alimpapasa uso, kidevu, mashavu, akaishia kwenye kope. "Na wewe huoni?"

"Hata kidogo. Lori nimeliegesha. Mke wangu ndiye anayenisomea jumbe. Nimeambiwa zamu yangu ni kesho." Alisita. "Au imeahirishwa?"

Shangazi aligeuza uso upande ilikotoka sauti ya mpwa wake mara ya mwisho.

"Umenipandisha ukamshusha huyu?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Nirudishe nilipokuwa. Sikukulea ili uniazimie macho ya mwenzangu." Kisha, kwa kuwa hakuwa malaika, akaongeza: "Lakini hiyo mashine yenu nayo itengenezwe, maana na mimi nataka kuona."

Kipara alirudisha majina yalivyokuwa. Dereva akatoweka, ikabaki harufu ya dizeli. Mwalimu alilia mbele ya wanafunzi wake bila kujificha, na shangazi akamwacha alie, akimshika kifundo cha mkono kama alivyokuwa akimshika utotoni wakati wa kuvuka barabara. Mama Pacha alikwenda ubaoni akaandika: *Huyu akipanda, nani anashuka?* Swali hilo likawa zoezi kamili, na hawakuanza tena kazi yoyote bila kulifanya.

Wakaitengeneza mashine. Badala ya ujumbe wa maandishi, ingepiga simu na kuongea. Mtu akinyamaza, ingehesabu kwamba hajafikiwa, si kwamba amekataa. Haikuwa kazi ya ajabu. Waliijaribu kwa fundi cherehani, akaijibu na kuiuliza habari za watoto.

Wakaipeleka kwa Mkurugenzi, ghorofa ya juu. Aliwasikiliza kwa adabu. Katikati ya maelezo mwanakwaya alitokea kwenye kiti cha pembeni yake. Mkurugenzi akasogeza kikombe chake kumpisha.

"Kazi nzuri," alisema. "Ila mashine ilipitishwa na bodi kama ilivyo. Tukiibadilisha leo, walioshushwa watauliza kwa nini walishushwa."

"Basi waulize," alisema Mwalimu.

"Mwakani," alisema Mkurugenzi, akawashukuru, akamshukuru na mwanakwaya.

Foleni ikabaki ilivyokuwa. Fundi cherehani mkiani, shangazi mkiani, na wengine nyuma yao wakiongezeka.

Lakini watu waliotolewa katikati ya shughuli zao walikuwa wakirudi makwao kwa basi, na kituo cha basi kilikuwa kimoja. Hapo walikuwa wameanza kufahamiana kwa sauti. Mmoja alikuwa akidhani ni yeye tu, na wa pili alikuwa akidhani ni yeye tu, na katika kusubiri basi wakagundua kwamba wote walikuwa ni yeye tu.

Siku moja isiyokuwa ya mafunzo, Mwalimu alisikia kishindo getini. Akachungulia dirishani. Walikuwa wanaingia kwa miguu yao, kila mmoja mkono wake begani kwa aliyetangulia, fundi cherehani mbele, mama wa nywele sasa amesukwa kichwa kizima. Shangazi alikuwa katikati, amevaa viatu viwili vinavyofanana.

Mwalimu alishuka mbio. "Shangazi, mmekuja vipi? Leo hakuna zoezi."

"Tumekuja wenyewe. Mkurugenzi anakaa wapi?"

"Juu. Ngojeni nitangulie nikawaombee nafasi, nitawasemea."

"Usitusemee," alisema shangazi. "Kusema tunajua. Tushikie mlango tu."

Mwalimu akaushika mlango. Kipara na Mama Pacha walikuwa wamekwisha fika chini. Mama Pacha akaenda nyuma kabisa, akaweka mkono begani kwa wa mwisho. Kipara akasimama mbele ya fundi cherehani, akageuka akaanza kupanda kinyumenyume, akiitaja kila ngazi kwa sauti ili watu wa nyuma nao wasikie.