Nyongeza ya Boadi

Boadi alijua maji yameshamwagika pale Maame Serwaa alipouliza, kwa upole kabisa, "Mwanangu, ile sehemu ya pili iko wapi?"

Kompyuta ya mama huyo ilikuwa mezani, katika kibanda cha Boadi pale Adum, mjini Kumasi. Juzi aliileta ikijikokota kama mtu aliyeshiba fufu. Boadi akaiwekea mfumo mpya, ikawa nyepesi. Ila diski ilikuwa imegawanywa sehemu mbili, na fundi wetu, mtu wa haraka, alifuta mipaka yote bila kuuliza. Haraka haraka haina baraka, lakini nani angemwambia Boadi?

"Kulikuwa na nini humo, Maame?"

"Video ya baba. Wiki aliyofariki, ananipa nyumba ya Bantama."

Boadi hakuhitaji kuelezwa. Kwao mali hufuata upande wa mama, na nyumba ya mzee huchukuliwa na ndugu zake wa tumbo moja, isipokuwa aitamke mwenyewe kwa mtoto mbele ya mashahidi, na mtoto atoe kinywaji cha shukrani, nao wakinywe.

"Mashahidi si wapo?"

"Wawili wamekufa. Wa tatu ni baba mdogo Kyerematen, na anaapa hakuwepo. Kikao cha ukoo ni saa sita leo. Nikienda mikono mitupu, jioni nahamisha sufuria zangu."

Ilikuwa saa tatu na nusu.

"Usiogope, Maame. Kung'oa mpaka si kung'oa mihogo. Vitu vyako bado vimo, ilimradi hakuna kilichoandikwa juu yake."

Alipotamka hayo akakumbuka kitu. Nyongeza! Kumasi hata muuza nyanya hukutupia mbili juu ya fungu, na Boadi hakukubali kushindwa na muuza nyanya. Kila aliyewekewa mfumo mpya alijaziwa filamu za bure. Maame Serwaa alipewa kumi na mbili. Filamu hizo ndizo zilizomletea Boadi wateja, na sasa huenda zilikuwa zimekalia uso wa marehemu.

Angeweza kunyamaza, akasingizia virusi. Aliogopa kusema, akaogopa zaidi kumtazama mama huyu akihamishwa kwao huku yeye anajua sababu.

"Maame, zile filamu nilizokuongezea... huenda zimekaa juu ya mzee."

"Juu ya baba yangu? Zitoe basi!"

"Hazitoki hivyo. Zilichokula zimeshakula. Sasa hatuandiki humo hata herufi moja."

Akaiwasha kompyuta kwa flashi yake, akafungua programu ya kutafuta mipaka ya zamani. Asilimia mbili. Asilimia tisa. Betri ilikufa zamani, na umeme wa pale haukuwa wa kuaminika. Taa ya dari ilipofifia, wote wawili waliacha kupumua mpaka iliporudi. Simu ya Maame ikalia.

"Baba mdogo huyo," alisema baada ya kusikiliza. "Anauliza kama nakuja au nimeshafunga mizigo."

Saa tano kasoro mpaka wa zamani ukaonekana, na folda zake. Boadi akainakili video kwenye flashi nyingine, akaifungua.

Mzee Donkor alikuwa kitandani, shuka begani. "Nyumba yangu ya Bantama, niliyoijenga kwa jasho langu, nampa binti yangu..."

Picha ikavunjika vipande vya kijivu. Sauti ikakwaruza, ikafa.

"Rudisha," alisema Maame.

Akarudisha. Ikafia palepale. Mara ya tatu, palepale. Boadi akasogeza mbele kidogo, kijivu. Mbele tena, kijivu. Kisha picha ikarudi ghafla: Maame Serwaa amepiga magoti, anatoa chupa ya pombe kali, na anayeipokea, Maame akamwonyesha kwa kidole, ni Kyerematen. Akamimina, akanywa, akafuta mdomo. "Tumesikia," akasema. "Tumeipokea shukrani yake."

"Huyo hapo!" Boadi aliruka. "Si hakuwepo? Maame, hakuna anayeshukuru kwa asichopewa! Nyumba ni yako!"

Lakini Maame Serwaa hakuruka.

"Maisha yake yote baba aliniita 'wewe msichana'," alisema. "Mpaka nina wajukuu, 'wewe msichana'. Siku ile tu ndipo aliponitaja jina langu lote."

Boadi aliinamisha kichwa, aibu imemjaa mpaka masikioni.

"Rudisha pale mwanzo. Mara moja tu, nikimbilie kikaoni."

Akarudisha.

"...niliyoijenga kwa jasho langu, nampa binti yangu..."

"Yaa Serwaa Donkor," Maame akamalizia mwenyewe, kwa sauti nzito ya kumwigiza baba yake, akanyoosha mkono apewe flashi.